Ukipinduka Baharini Msimu wa Kipupwe: Mwongozo Kamili wa Kurudi Chomboni, Mombasa

Kati ya Juni na Septemba, pepo za kusi zikiwa zimeshika, jambo moja huwashinda wapiga kafi wa Mombasa tena na tena. Chombo kinapinduka, mtu anaibuka salama, anajaribu kupanda, anateleza. Anajaribu tena, mara ya tatu, mara ya tano. Mikono inalegea. Mwishowe anakiacha chombo aanze kuogelea kuelekea pwani, na hapo ndipo ajali ndogo inapogeuka msiba.

Hashindwi kwa udhaifu. Anashindwa kwa sababu anajivuta wima badala ya kulala, vifaa vyake ameviweka mahali asipoweza kuvifikia, na baridi hakuihesabu kwa kuwa anaamini bahari ya Mombasa haina baridi. Mwongozo huu ni wa wenye kayaki, mitumbwi, ngalawa na boti ndogo za faiba. Usome nyumbani, tayarisha vifaa, kisha ukafanye zoezi kabla hujavuka mwamba wa matumbawe ulio mbele ya pwani.

## Baridi ya bahari yetu hufanya nini

Machi na Aprili maji ya juu hufika nyuzi 29 hivi. Kufikia Agosti yameteremka hadi nyuzi 25 au 26. Ukitia mguu hushtuki, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mwili wako uko nyuzi 37, na maji huunyang'anya joto haraka takriban mara 25 kuliko hewa yenye nyuzi zilezile.

Mwili ukihisi unapoteza joto, hupunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni ili kuulinda moyo na ubongo. Vidole ndivyo vinavyoumia kwanza. Kwa hiyo maji ya hapa hayamuui mtu mzima kwa dakika chache. Yanachoiba ni nguvu ya kiganja, yaani ile unayoihitaji ili upande. Mtoto, mtu mwembamba, na aliyeshinda na njaa hupoa mapema zaidi.

Upepo nao una sehemu yake. Aliyelowa akakaa juu ya chombo huku kusi ikivuma huendelea kupoa hata akiwa nje ya maji, kwa sababu maji yanayokauka mwilini huondoka na joto. Ndiyo maana nguo zinazokinga upepo zimo katika orodha ifuatayo.

## Vifaa

- Jaketi okozi kwa kila mtu. La nguvu ya kuelea ya nyutoni 50 linamfaa anayejua kuogelea na asiyetoka nje ya mwamba. Kwa wanaotoka nje, chukua la nyutoni 100 au 150, ambalo hukiweka kichwa juu ya maji hata ukiishiwa nguvu.
- Filimbi ya plastiki isiyo na kokwa ndani, iliyofungwa kwenye jaketi. Filimbi za chuma hushika kutu.
- Kamba laini ya unene wa milimita 10 hadi 12, urefu wa mita 4, ya kutengeneza kikanyagio.
- Kipande cha paipu ya kumwagilia maji, sentimita 30.
- Kamba mbili za mita 2 za kugeuzia kayaki, moja ifungwe kila upande.
- Kamba nyembamba ya kufunga kafi kwenye chombo.
- Upo, yaani kifaa cha kutolea maji chomboni. Mtungi wa lita 5 uliokatwa kitako kimshazari unafaa sana, mradi kifuniko kimekazwa na mpini umefungwa kamba.
- Mitungi mitupu ya lita 20 kwa wenye mitumbwi. Mmoja unabeba takriban kilo 20 chombo kikijaa maji.
- Simu ndani ya mfuko usioingiza maji.
- Fulana ya nailoni ya mikono mirefu na koti jepesi la mvua. Pamba haifai: fulana ya pamba na kikoi hunywa maji, huwa vizito na hukauka polepole.
- Kisu kidogo kwenye ala, kwa ajili ya kamba itakayokunasa.
- Ufuoni au ndani ya gari: nguo kavu, kofia, blanketi, na chupa ya chai ya moto yenye sukari.

Mfuko wa simu ujaribu kwanza bila simu. Tia karatasi ya shashi ndani, uzamishe kwenye ndoo kwa nusu saa. Shashi ikitoka kavu, mfuko ni mzima.

## Hatua ya 1: Tengeneza kikanyagio

Hiki ndicho kifaa ambacho wengi hawana, na ndicho kinachomwokoa mtu ambaye mikono imechoka. Misuli ya mapaja ina nguvu kuliko ya mikono, na inachelewa kuchoka kwa baridi.

Pitisha kamba ya mita 4 ndani ya kile kipande cha paipu, kisha funga ncha hiyo kwa fundo lisiloteleza ili upate kitanzi chenye nafasi ya mguu na kiatu. Paipu hukifanya kitanzi kibaki wazi ndani ya maji. Bila paipu kamba hujifunga yenyewe, na utahangaika kutafuta pa kuingiza mguu huku mawimbi yakikupiga.

Ncha ya pili ifunge kwenye kishikio cha upande wa mbali wa kayaki, uipitishe juu ya kiti, uiteremshe upande wako. Kitanzi kining'inie chini ya maji mahali ambapo ukiingiza mguu goti linakunjika nusu. Kikiwa kifupi mno mguu hauingii. Kikiwa kirefu mno utasimama wima bila kuinuka. Pima ukiwa majini, kisha weka alama ya rangi kwenye kamba.

Kamba isifungwe upande ule ule unaopandia. Uzito wako wote utaangukia ubavu mmoja na kayaki itakupindukia tena.

## Hatua ya 2: Soma maji na upepo kabla ya kuingia

Chukua jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini. Siku za bamvua, yaani za mwezi mpevu na mwezi mchanga, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Siku za maji mafu, za nusu mwezi, huwa ndogo sana, na ndizo siku za anayejifunza.

Maji hayatembei kwa mwendo mmoja. Gawanya saa sita za kupwa: saa ya kwanza hutoka sehemu 1 kati ya 12, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3, saa ya tatu peke yake maji hushuka sentimita 75. Huo ndio wakati mkondo unapovuta kuliko wakati wowote.

Sasa liangalie jambo hili kwa makini. Siku za bamvua, maji hujaa Mombasa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni. Ukihesabu kuanzia saa kumi jioni, saa ya tatu na ya nne za kupwa zinaangukia kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku. Yaani mkondo wa kutoka hori za Tudor na Mtwapa, mikono ya bahari iingiayo nchi kavu, hushika kasi hasa wakati jua linazama. Anayesema "napiga kafi kidogo jioni, nirudi magharibi" anarudi dhidi ya mkondo mkali, giza likiingia, na mwili tayari umepoa.

Kwenye mdomo wa hori, maji yanayotoka hukutana na mawimbi yanayosukumwa na kusi. Vikikabiliana, mawimbi husimama, hukaribiana na kuvunjika. Chombo kilichopita hapo asubuhi bila tabu kinaweza kupinduliwa jioni mahali pale pale.

Nyali na Bamburi, ndani ya mwamba, huwa shwari maji yakipwa kwa kuwa mwamba unavunja mawimbi. Yakijaa, mawimbi huvuka juu ya mwamba, na maji yaliyoingia hutafuta njia ya kutokea kwenye milango ya mwamba. Usipumzike karibu na mlango maji yakianza kupwa.

Usiingie ikiwa unaona vichwa vyeupe vya mawimbi kila upande ndani ya mwamba, au bendera na minazi vinaonyesha upepo unaotoka nchi kavu kuelekea baharini. Mkondo wa Kilindini na njia ya feri ya Likoni si mahali pa kayaki kwa hali yoyote: meli kubwa haiwezi kukukwepa wala kusimama.

## Hatua ya 3: Vaa, funga, toa taarifa

Jaketi livaliwe kabla ya kugusa maji. Kulikalia au kulifunga omo (mbele ya chombo) ni sawa na kuliacha nyumbani, kwa sababu kulivaa majini huku unajishikilia kwa mkono mmoja ni kazi ambayo hata mwogeleaji hodari huishindwa.

Funga vifungo vyote, kisha mwambie mwenzako alishike mabegani alivute juu. Likipanda hadi masikioni, limelegea. Kaza upya. Jaketi lenye mkanda wa kupita katikati ya mapaja halipandi, na kwa watoto mkanda huo ni wa lazima.

Funga kafi kwa kamba. Funga upo. Kila kitu kisichofungwa kitaelea mbali ndani ya dakika moja. Filimbi, kisu na simu vikae mwilini mwako, kwani chombo kinaweza kuondoka na vilivyomo.

Halafu mwachie mtu wa nchi kavu ujumbe, kwa maneno kama haya: "Kaka, twatoka Nyali wawili, kayaki moja nyekundu, twaenda Bamburi ndani ya mwamba. Twarudi saa saba. Ikifika saa nane hujanisikia, piga simu." Saa ya kurudi na saa ya kuita msaada zote mbili ziwemo. Ujumbe wa "naingia baharini" haumsaidii anayekutafuta.

Kula kabla ya kutoka, kwani mwili hutengeneza joto kwa chakula. Pombe hupanua mishipa ya ngozi na kulitoa joto nje. Muguka na miraa huondoa njaa na kuficha uchovu, kwa hiyo hutajua umeishiwa nguvu mpaka uishiwe kweli.

## Hatua ya 4: Dakika ya kwanza majini

Umepinduka. Usipande bado.

Shika chombo kwa mkono mmoja. Kayaki tupu ikishikwa na kusi hukimbia kuliko unavyoweza kuogelea, na ukiiachia kwa sekunde chache inaweza kuwa imekwenda. Tuliza pumzi: toa hewa polepole kwa mdomo, ivute kwa pua, mara tano. Anayejaribu kupanda huku anahema ovyo hunywa maji.

Ita wenzako kwa majina, uhesabu vichwa. Asiyeitika anaweza kuwa chini ya chombo, ambako huwa kuna nafasi ndogo ya hewa. Pitisha mkono huko umtafute.

Kisha zunguka upande wa joshi, upepo ukupige mgongoni. Sababu ni kwamba wimbi likija litakisukuma chombo kiende mbele yako. Ukiwa upande wa pili, wimbi hilohilo litakigonga usoni mwako.

Kufikia hapo unapumua kwa utulivu, mkono mmoja uko kwenye chombo na unajua kila mtu alipo.

## Hatua ya 5: Geuza kayaki

Hapa tunazungumzia kayaki ya kukalia juu, iliyozoeleka fukwe za Nyali, Bamburi na Diani. Haijai maji kwa sababu ina mashimo ya kutolea maji.

1. Kaa katikati ya ubavu wake, si kwenye ncha.
2. Ile kamba ya mita 2 iliyofungwa upande wa mbali itupe juu ya tumbo la kayaki ije upande wako. Kama huna kamba, nyoosha mkono ushike kishikio cha mbali.
3. Weka magoti kwenye ukingo ulio karibu nawe.
4. Jilaze nyuma na uzito wote, mikono ikiwa imenyooka. Usivute kwa mikono iliyokunjwa. Uzito wa mwili ndio unaofanya kazi.
5. Kayaki ikianza kuinuka, kinga uso kwa mkono mmoja.

Isipogeuka, mara nyingi ni kwa sababu umeushika ukingo wa karibu. Ukingo wa karibu unaizamisha tu.

## Hatua ya 6: Panda kwa tumbo, matako, miguu

Hapa ndipo wengi hukwama, basi tuende polepole.

Ukishika ukingo na kujivuta, miguu yako huingia chini ya kayaki. Mwili unasimama wima, jaketi linakwama kwenye ukingo, na unajaribu kuinua uzito wako wote kwa mikono miwili iliyolowa. Hata mwenye misuli hawezi kurudia hilo mara nyingi. Kwa hiyo usijiinue. Ulaze mwili kwanza, halafu iingize kayaki chini ya kifua chako.

Laza mwili. Mkono mmoja ukingo wa karibu, mwingine katikati ya kiti au upande wa mbali. Nyoosha mikono, weka uso karibu na maji, piga mateke hadi visigino vitokee juu nyuma yako. Usipoona povu la mateke yako, bado hujalala. Wengi huinua kichwa kutazama pwani, na kichwa kikiinuka miguu huzama.

Tumbo. Ukiwa umelala hivyo, piga mateke kwa nguvu na papo hapo sukuma ukingo wa karibu chini huku ukiteleza mbele. Lengo ni kitovu chako kifike katikati ya kiti. Usisimame nusu njia. Kifua kikiwa juu na kitovu bado majini, kayaki itakupindukia.

Pumzika. Lala hapo kwa tumbo, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili, uvute pumzi tano. Watu huharakisha hapa na kuanguka upande wa pili.

Matako. Jigeuze polepole ukiwa umelala, mpaka matako yaangukie kwenye kiti. Usipige magoti wala kusimama.

Miguu. Sasa ingiza miguu, mmoja baada ya mwingine, miguu ikining'inia pande mbili kwanza ili kayaki itulie.

Mikono ikikataa, tumia kikanyagio. Tia mguu kwenye kitanzi, usukume ukielekea nyuma na chini huku kifua kikilala mbele juu ya kayaki. Mguu ukiuacha uingie chini ya chombo, utakivuta kikupindukie. Ukishapanda, kivute kitanzi ndani mara moja, kwani kinanasa mguu na kafi.

Mkiwa wawili, aliyechoka zaidi apande kwanza. Mwenye nguvu akae ubavu wa pili, aning'inie pale kama uzito wa kusawazisha. Wa kwanza akishakaa, aegemee upande wa mbali wakati wa pili anapanda.

Umefanikiwa ukiwa umekaa, kafi liko mkononi, kitanzi kiko ndani, na hakuna kamba iliyozunguka mguu.

### Kayaki ya kuingia ndani

Hii hujaa maji na haifai kutumiwa peke yako nje ya mwamba kama hujafundishwa. Mwenzako aisogeze ncha ya omo juu ya kayaki yake ili maji yatoke, aigeuze, azilaze kayaki mbili sambamba na kuishikilia kwa mikono yote miwili huku wewe ukipanda kwa tumbo kupitia nyuma ya kiti.

### Mtumbwi na ngalawa

Mtumbwi uliojaa maji usiupande kwa ubavuni, utazunguka. Ushike tezi (nyuma ya chombo), uusukesuke mbele na nyuma ili maji mengine yamwagike, kisha yafue kwa upo ukiwa bado majini hadi yabaki chini ya nusu. Panda kupitia tezi, ukilala kifudifudi, miguu ikipanuliwa pande mbili. Mitungi ya lita 20 ifungwe ndani, chini ya mabao ya kukalia, omo na tezi, na mifuniko ikazwe. Ikifungwa nje au upande mmoja, mtumbwi hulala ubavu.

Kwa ngalawa, kwanza legeza demani (kamba inayolikaza tanga) na teremsha tanga. Tanga lililolala majini hubeba maji mengi, na hakuna nguvu ya mtu itakayoliinua. Panda karibu na mwili wa ngalawa, pale miti ya kushikilia vielea vya pembeni inapoanzia. Ukining'inia mwishoni utaizamisha.

### Boti ya faiba yenye mashine

Ikiwa mtu ameanguka na boti iko wima, nahodha azime mashine kabisa kabla hajamkaribia. Kuiacha ikinguruma bila gia hakutoshi. Ikiwa boti yenyewe imepinduka, usijaribu kuigeuza. Pandeni wote juu ya tumbo lake.

## Hatua ya 7: Ukishindwa mara tatu, acha

Kila jaribio linakula nguvu na kumwaga joto. Baada ya majaribio matatu ya dhati, geuza nia: kazi yako sasa ni kubaki hai na kuonekana.

Jipime vidole. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono uleule. Ikiwa huwezi, usipoteze muda na mafundo wala vifungo. Tumia viwiko na kikanyagio.

Lala juu ya tumbo la chombo, utoe majini sehemu kubwa ya mwili iwezekanavyo. Upepo utakufanya ujihisi umezidi kupoa, lakini maji bado ndiyo yanayokuondolea joto zaidi. Vaa koti la mvua juu ya jaketi.

Kama huwezi kupata sehemu ya kulala, kunja magoti kifuani, viwiko vibane mbavu, mikono ikumbatie jaketi. Kwapa, kinena na shingo ndipo joto linapotoka kwa wingi. Mkiwa kundi, kumbatianeni vifua vikigusana, watoto katikati.

Usiogelee kuelekea pwani. Pwani huonekana karibu kuliko ilivyo, mkondo hauonekani, na kichwa cha mtu kati ya mawimbi ni kidogo sana kwa anayetafuta. Kiache chombo tu ikiwa kinawaka, kinaingia njia ya meli, au kinapelekwa mahali ambapo mawimbi yanavunjika juu ya mwamba.

Nje ya mwamba, mkondo wa pwani yetu hutembea kuelekea kaskazini, na huongezeka nguvu wakati wa kusi. Aliyepotelea Nyali atafutwe kuelekea Bamburi, Shanzu na Mtwapa. Jambo hilo alijue pia yule mliyemwachia ujumbe.

## Hatua ya 8: Ita msaada mapema

Piga simu mikono ikiwa bado inatii. Namba za dharura ni 999 au 112. Kwenye redio ya baharini tumia chaneli 16, ambayo meli zinazoingia Kilindini huisikiliza: tamka "Mayday" mara tatu, taja jina la chombo, mahali, idadi ya watu na tatizo.

Taja alama ya nchi kavu na upande: "mbele ya Fort Jesus, upande wa English Point", siyo "baharini Mombasa". Taja rangi ya chombo. Kwa filimbi, puliza mara tatu, nyamaza, rudia. Chombo kikikaribia, inua na kushusha mikono yote miwili polepole. Mkono mmoja hufikiriwa kuwa ni salamu.

## Hatua ya 9: Akifika ufuoni

Mtu aliyekaa majini muda mrefu msimtoe akiwa wima kama mnaweza kumlaza. Maji yalikuwa yanaibana miguu yake na kuisaidia damu kurudi moyoni. Akiinuliwa wima ghafla, damu hushuka miguuni na anaweza kuzimia. Mbebeni akiwa amelala, na msimwamuru atembee.

Mkingeni upepo, mvueni nguo zilizolowa, mkausheni kwa kubonyeza, mfunikeni hadi kichwani. Akiwa na fahamu kamili na anameza vizuri, apewe chai tamu. Msimsugue mikono na miguu, msimweke karibu na moto mkali, msimpe pombe.

Kutetemeka ni ishara njema: mwili bado unapigana. Hatari ni yule aliyeacha kutetemeka ilhali bado amepoa, anayetamka maneno kwa uzito, anayejikwaa au kujibu ovyo. Huyo aende hospitali bila kusubiri. Vilevile aliyenywa maji akakohoa sana, hata akisema amepona, kwa kuwa shida ya mapafu inaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Asiyepumua: mpulizie pumzi 5 kwanza, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2. Endeleeni 30 kwa 2, mkibadilishana, mpaka msaada ufike. Msimning'inize kichwa chini wala kumkanda tumbo ili kutoa maji. Mnapoteza muda na matapishi huingia mapafuni.

## Zoezi la lazima

Chagua siku ya maji mafu, ndani ya mwamba, penye mchanga, maji yakiwa ya kifua, rafiki akisimama kando. Geuza kayaki mara tano na kupanda kila mara kwa utaratibu wa Hatua ya 6 bila kukanyaga chini. Kisha sogea mahali miguu haifiki. Kisha rudia ukiwa umepiga kafi dakika 20 na umechoka, na nguo zote mwilini. Mwisho, panda kwa kikanyagio peke yake, ngumi zikiwa zimefungwa kana kwamba vidole havifanyi kazi.

Asiyeweza kupanda mara tatu mfululizo kwenye kina asivuke mwamba msimu huu. Jambo hili tunalisema bila kulegeza.

## Kwa mabaharia na wanaosafiri

Wako watu wa Mombasa wengi wanaofanya kazi melini au kutembelea Ulaya na Marekani, na wakaalikwa kupiga kafi miezi ya Aprili na Mei. Huko jua linawaka, hewa nyuzi 20, lakini maji yametoka kwenye theluji na yanaweza kuwa chini ya nyuzi 10. Hali hiyo si ya kipupwe chetu.

Maji yakiwa chini ya nyuzi 15, anayetumbukia huvuta pumzi kwa ghafla bila kutaka. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, anaweza kufa maji. Kanuni inayofundishwa huko, iliyoenezwa na Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ni 1-10-1: dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu bado inatii, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Kwa hiyo kupanda kufanyike ndani ya zile dakika 10. Huko vaa suti ya mpira au suti kavu (isiyoingiza maji) kwa kupima nyuzi za maji, hewa iweje, na usikubali kupanda kayaki bila jaketi lililofungwa.

## Baada ya kila safari

Suuza jaketi, kamba na vifungo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vikaushwe kivulini. Jua kali hula kitambaa. Jaketi la kujaza gesi likaguliwe mtungi wake: ukiwa umelegea, kaza; ukiwa umeshika kutu, badilisha. Pitisha kamba ya kikanyagio mkononi ukitafuta nyuzi zilizokatika, hasa mahali inapoingia kwenye paipu, kwa kuwa mchanga hujificha pale na kuisaga. Mitungi ya mtumbwi ifunguliwe imwagwe maji yaliyopenya, halafu ifungwe tena. Filimbi nayo ipulizwe, kwani mchanga huiziba.